Krapf: Mtu wa safari aliyeishi Majilio mwaka mzima

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 1843 iliangukia tarehe 3 Desemba. Majuma hayo Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa miaka 33, alikuwa baharini na mkewe Rosine katika chombo cha Waarabu kilichotoka Aden kuelekea Unguja. Msimu wa kaskazi ulikuwa umefika. Njia yao ilishuka na pwani ya Wasomali, ikapita Mogadishu, Merka na Barawa, kisha ikaingia maji ya Wabajuni, kwenye safu ya visiwa vidogo kati ya Kismayo na Ras Kamboni. Ngumi ni kimojawapo, pamoja na Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo.

Kila anayefanya biashara kati ya Kismayo, Lamu na Mombasa anaijua njia hiyo. Visiwa na miamba yake huvunja mawimbi, na kaskazi humsukuma msafiri kusini bila kumdai chochote ila subira. Lakini kwa Mkristo wa mwaka ule, njia hiyo haikuwa na kituo. Kutoka Barawa hadi Mombasa hapakuwa na kanisa hata moja lenye ibada. Makanisa ya Wareno yalikuwa yamekwisha zaidi ya miaka 100 kabla. Majilio, zile Jumapili 4 za kujiandaa kwa Krismasi na za kukumbuka ahadi ya kurudi kwa Kristo, yalimkuta Krapf mahali ambapo hapakuwa na kengele, mchungaji mwenzake wala ratiba ya kumkumbusha.

Hali hiyo si ngeni kwa wafanyabiashara Wakristo wa mipakani. Desemba ndiyo mwezi wa mzigo mwingi, foleni ndefu za forodha na wateja wasiongoja. Jumapili huweza kumkuta mtu kwenye lori, gatini au nyumba ya wageni. Maisha ya Krapf yanafaa kusomwa na watu wa namna hiyo, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa njiani, na imani yake ilidumu bila kungoja apate nafasi.

Mtoto wa mkulima

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani kwa miezi. Katika ugonjwa huo alianza kusoma Biblia kwa bidii. Alipopona alipelekwa shule mjini, akajifunza lugha za kale, na mwaka 1827 akaingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi.

Wakristo wa jimbo lake la Württemberg walikuwa na desturi moja iliyomwingia hadi mifupani. Waliishi kwa kumtazamia Kristo arudi, wala hawakulichukulia jambo hilo kama fumbo la mbali. Mwanazuoni wao mashuhuri wa karne ya 18, Johann Albrecht Bengel, alikuwa amepiga hesabu kutoka Maandiko na kuutaja mwaka 1836. Mwaka huo ukafika, ukapita, na dunia ikabaki ilivyokuwa.

Kuna waliovunjika moyo. Krapf alikuwa katika hatua ya kujiunga na shirika la Kianglikana la Church Missionary Society, CMS, la London. Mwaka 1837 akaondoka Ulaya kwenda Ethiopia. Hakuacha kungoja, ila hakungoja akiwa ameketi.

Ethiopia, na mlango uliofungwa

Kuanzia 1839 hadi 1842 alikaa Shoa, kwenye himaya ya Mfalme Sahle Selassie. Huko alijifunza lugha ya Waoromo, akaanza kuitafsiria sehemu za Injili. Aliamini kwamba Waoromo, walioenea kutoka nyanda za Ethiopia hadi karibu na pwani ya Bahari ya Hindi, wangekuwa mlango wa Injili katika eneo lote hili.

Mwaka 1842 alishuka hadi Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, na wakaoana huko. Njiani alikuwa ameporwa karibu kila kitu. Walipotaka kurudi Ethiopia walizuiwa. Rosine akajifungua mtoto wa kike safarini, katika nchi ya ukame karibu na Bahari ya Shamu. Mtoto hakuishi. Jina alilopewa lilikuwa na maana ya chozi.

Mfanyabiashara aliyewahi kufungiwa mpaka ilhali mzigo uko barabarani anajua uamuzi unaofuata: kurudi, au kutafuta njia nyingine. Krapf alitafuta njia nyingine. Kama Waoromo hawafikiki kutoka kaskazini, alisema moyoni, huenda wakafikika kutoka pwani ya kusini, kwa mto Juba au Tana. Ndiyo sababu Novemba 1843 yeye na Rosine walipanda chombo Aden. Safari ya kwanza iliwashinda, chombo kilivuja, wakarudi bandarini. Mwezi huohuo wakapanda kingine. Hiki ndicho kilichowapitisha pwani ya Wabajuni wakati wa Majilio.

Barua ya Sayyid Said

Mwanzoni mwa Januari 1844 waliwasili Unguja. Mtawala wa pwani alikuwa Sayyid Said bin Sultan, ambaye bendera yake ilitambuliwa, angalau kwa jina, kutoka Mogadishu hadi Rasi Delgado. Alikuwa Mwislamu, na Krapf hakumficha alichojia. Sayyid Said alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa magavana wake, akiwataka wamtendee mema mgeni huyo.

Barua moja ilitosha pwani nzima. Leo pwani hiyohiyo iko katika nchi 4: Somalia, Kenya, Tanzania na Msumbiji. Somalia ilikubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023, ikawa mwanachama kamili Machi 2024, na wafanyabiashara wa Kismayo na Lamu bado wanangoja kuona makaratasi yao yakipungua. Krapf alipita kabla mistari hiyo haijachorwa.

Mei 1844 akahamia Mombasa na mkewe. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali, msomi aliyewahi kuwa kadhi wa Mombasa. Mkristo kutoka Ujerumani na mwanazuoni wa Kiislamu waliketi pamoja juu ya habari ya kuumbwa kwa mbingu na nchi, ambayo dini zote mbili zinaikiri. Sura 3 za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Si haki kumfanya Krapf malaika. Maandishi yake yana maneno makali juu ya Uislamu na juu ya mila za wenyeji, na msomaji wa leo atayaona mengine kuwa ya dharau. Hata hivyo, bila Waislamu wa Mombasa asingekijua Kiswahili. Ni yeye pia aliyekusanya miswada ya tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaipeleka Ujerumani ihifadhiwe.

Kaburi la ng'ambo ya Mombasa

Majuma 5 baada ya kuanza tafsiri hiyo, nyumba yake ilibomoka. Julai 1844 homa iliwaangusha yeye na Rosine, aliyekuwa ametoka tu kujifungua binti mwingine. Rosine alifariki tarehe 13 Julai. Mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa karibu kusimama.

Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, mahali wapitapo watu. Kisha Krapf akaiandikia kamati ya CMS huko London barua ambayo watu wengi wameikumbuka kuliko kazi zake nyingine zote. Hakuomba kurudishwa nyumbani. Aliwaeleza kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya kuwa kazi imeanza.

Maneno hayo yanaweza kusomeka kama ya mtu asiye na huruma. Ukiyapima na maisha yake, yanasomeka vingine. Alikuwa amezika watoto 2 na mke katika muda unaozidi mwaka mmoja kidogo tu. Hakuwa na hekalu la kukimbilia wala ndugu wa kulia naye. Kilichobaki ni lile tumaini la Majilio alilofundishwa utotoni, kwamba waliolala wataamshwa. Alilishika. Kesho yake kamusi ilikuwa pale pale mezani.

Punda mmoja, homa mbili

Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, naye wa Württemberg. Wawili hao walichagua Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, kwa Wamijikenda ambao wageni wakati huo waliwaita Wanyika. Siku ya kuhamia, Agosti 1846, wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakampanda kwa zamu.

Ibada za Rabai hazikujaa. Wazee wa kaya waliwapokea kwa heshima, lakini hawakuona sababu ya kuacha mila zao. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa mgonjwa sana. Alifariki muda mfupi baada ya ubatizo. Krapf alipoondoka pwani mwaka 1853, waliobatizwa walikuwa wachache mno.

Kwa hesabu ya dukani, hiyo ni hasara. Miaka 9, mke mmoja, watoto 2, afya yenyewe, na mapato hayaonekani kwenye daftari. Lakini Krapf alikuwa na kipimo kingine. Aliyafikiria mataifa mazima, kituo kimoja cha Injili kikifuatwa na kingine kutoka bahari hii hadi bahari ya magharibi. Alijua hataiona. Kama mtu apandaye mnazi, alipanda akijua kwamba atakayepanda juu kuangua madafu ni mwingine.

Kivoi, pembe na mlima mweupe

Kati ya watu waliomfungulia njia ya bara, mkubwa alikuwa mfanyabiashara. Kivoi wa Kitui alikuwa Mkamba mashuhuri aliyeongoza misafara mikubwa ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Misafara ya Wakamba ilikuwa imeifungua njia ile muda mrefu kabla Mzungu yeyote hajaikanyaga. Krapf hakuvumbua njia. Alifuata nyayo za wachuuzi, akala chakula chao, akategemea ulinzi wao na maji waliyoyajua.

Novemba 1849 alitoka Rabai kwenda kwa Kivoi. Mwenyeji wake alimweleza juu ya mlima mkubwa mweupe kileleni, ng'ambo ya nchi yao. Mawingu yaliuficha. Tarehe 2 Desemba ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tarehe 3, Jumatatu, mawingu yalifunguka, akaona vilele 2 vyeupe kwa mbali. Ulikuwa Mlima Kenya, ambao jina lake alilolisikia kwa Wakamba baadaye lilipewa nchi nzima. Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Wanajiografia wa London waliokaa kwenye viti vyao walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Wakabishana na mtu aliyeiona.

Safari ya pili, mwaka 1851, ilikuwa ya damu. Kivoi alimchukua hadi karibu na mto Tana, wakashambuliwa, na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake. Alishuka mtoni usiku, akakosa chombo cha kuchotea, akajaza maji kwenye mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini, akaziba kwa majani. Vichaka vikang'oa majani, maji yakamwagika njiani. Alitembea usiku, akajificha mchana. Alipofika kwa ndugu za Kivoi, walimlaumu kwa kunusurika ilhali bwana wao amekufa. Ilimlazimu atoroke tena.

Katika kumbukumbu zake za safari, sala na hesabu ya maji vinakaa ukurasa mmoja. Hakuwa na sehemu mbili za maisha, moja ya kazi na moja ya dini. Kuandika maneno ya Kiswahili, kujadiliana hongo na chifu, kumuuguza mwenzake, na kuomba asubuhi vilikuwa kamba moja. Hapo ndipo penye siri ya uthabiti wake. Anayeiwekea imani saa moja ya Jumapili huikosa akiikosa ile saa. Krapf aliiweka ndani ya kazi yenyewe, kwa hiyo kazi ilipozidi, imani haikupungua.

Alichoacha

Afya ilimrudisha Ujerumani. Kufikia 1855 alikuwa amekaa Korntal, mji uliojengwa mwaka 1819 na wacha Mungu wa Württemberg. Hakustaafu. Mwaka 1862 alirudi Mombasa na kumsaidia Thomas Wakefield wa Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe. Mwaka 1867 aliitwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda Ethiopia. Rebmann alibaki Rabai miaka 29, hata macho yakampofuka. Aliporudi Ulaya mwaka 1875 alikwenda Korntal kwa rafiki yake, akafa mwaka uliofuata.

Krapf aliendelea na kamusi. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapishwa tangu 1850. Kamusi ilihitaji miaka zaidi ya 30, neno baada ya neno, mengi yakiwa na maelezo ya matumizi aliyoyasikia Mombasa. Mabaharia, wachuuzi, wazee wa kaya na mashehe wamo humo bila majina yao. Kiswahili ambacho leo kinamwezesha mtu wa Kismayo kuelewana na mtu wa Kigoma juu ya bei ya mzigo kimejengwa na wengi, na kitabu hicho ni tofali moja katika msingi wa kukiandika kwa herufi za Kilatini.

Jumamosi tarehe 26 Novemba 1881, akiwa na miaka 71, Krapf alizungumza jioni na rafiki yake juu ya kurudi kwa Kristo, kama walivyozoea. Kisha akaenda kulala. Asubuhi yake alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amefariki akisali. Asubuhi hiyo, tarehe 27 Novemba, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Alizikwa Korntal, ambako Rebmann alikuwa ametangulia. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882. Hakuiona. Waoromo, ambao kwa ajili yao alipita maji ya Wabajuni mwaka 1843, hakuwafikia kwa njia ya pwani. Kwenye vilima vya Rabai ibada haikukatika, na kaburi la Rosine bado liko ng'ambo ya Mombasa. Kila Desemba kaskazi huanza tena, vyombo hushuka kutoka Kismayo kupita Ngumi na visiwa vyenzake, na miongoni mwa waliomo huwapo Mkristo anayehesabu Jumapili 4 kwa vidole huku akihesabu magunia.